Niingie Potali au Nibaki?

Ujumbe uliingia nikiwa ndani ya gari nje ya hospitali, zamu ya usiku imekwisha, nimelegeza kamba za viatu kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Ulitoka kwa mdogo wangu, binti wa mama mdogo, anayekimbia katika chuo kimoja kilicho mbali na hapa Texas ninapoishi. "Dada, nimeandika lakini sijatuma. Soma kwanza."

Ilikuwa barua pepe ya mistari minne kwa afisa wa kanuni za michezo chuoni kwake. Alikuwa anaomba jina lake liingizwe kwenye potali ya uhamisho, mfumo wa mtandaoni wa wanamichezo wa vyuo vya Marekani wanaotaka kuhama. Katika mistari hiyo minne alikuwa ameomba radhi mara mbili, na mwishoni akamshukuru kocha "kwa kunivumilia".

Barua ya namna hiyo haihitaji radhi. Haihitaji hata sababu. Ukishaituma, ofisi ina siku mbili za kazi kuliingiza jina lako kwenye mfumo, na kuanzia hapo makocha wa vyuo vingine wanaruhusiwa kukutafuta.

Nilimjibu neno moja tu: "Ngoja."

Tangu siku hiyo jambo hili limenikaa rohoni. Nimelifikiria kazini, nimelifikiria kanisani, nimelifikiria asubuhi nikikimbia zile maili chache ambazo goti bado linaniruhusu. Kwa nini nilimzuia? Na kwa nini yeye, msichana aliyetoka Elgeyo Marakwet na begi moja akaja kuishi na theluji na watu asiowajua, anaomba radhi kwa kutumia haki yake?

## Kumi na saba

Kocha aliyemleta kutoka Kenya alipata kazi katika chuo kikubwa zaidi, akaenda. Hapa ni jambo la kawaida. Aliwaita wasichana wote, akalia kidogo, akawaaga, na haukupita muda akaja mwingine.

Huyo mpya alimwita ofisini msimu wa mbio za nyika ulipokwisha. Alimpa maji ya kunywa. Akamuuliza habari za wazazi. Kisha akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba hamwoni kwenye orodha yake ya watu kumi na saba wa mwaka ujao.

Hiyo kumi na saba ina asili yake. Juni 2025 jaji Claudia Wilken wa mahakama ya shirikisho iliyoko California aliidhinisha makubaliano ya kesi kubwa kati ya wanamichezo na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo hapa Marekani, makubaliano yale yaliyoruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja. Magazeti yaliandika sana kuhusu pesa. Kilichosemwa kidogo ni kwamba vyuo vilivyojiunga na mpango huo viliwekewa kikomo cha watu: 17 kwa mbio za nyika, 45 kwa riadha ya uwanjani. Zamani kikomo kilikuwa cha ufadhili, yaani ufadhili kamili 12.6 kwa wanaume na 18 kwa wanawake, na kocha aliugawa vipande vipande kwa watu wengi kadiri alivyoweza. Msichana wa ishirini na tano kwenye timu, mwenye kipande chake kidogo cha ufadhili wa michezo na kingine cha masomo, alikuwa na pa kusimama.

Sasa orodha yenyewe ina mwisho.

Na kuna hili ambalo limenichoma kuliko yote: aliyeletwa kuchukua nafasi yake ni msichana wetu. Anatoka ng'ambo ya bonde. Amemzidi mdogo wangu miaka kadhaa, amefanya mazoezi Iten muda mrefu, na kasi yake ya mita 5,000 mdogo wangu bado hajaifikia. Mama zao huonana siku ya soko. Siwezi kumchukia huyo dada, wala sitaki. Alipata nafasi akaishika, kama tulivyofanya sisi sote. Lakini tunapopiga vigelegele kila anapopanda ndege mmoja wetu, ni vizuri tujue kwamba siku hizi mara nyingine anakwenda kukalia kiti cha mwingine wetu.

## Enzi za ruhusa

Mimi nami nilikuwa mkimbiaji wa chuo, na nilihama kabla ya Oktoba 2018, wakati potali haijaanzishwa. Ulikuwa unaomba ruhusa kwenye chuo chako kabla kocha wa kwingine hajazungumza nawe. Wakikunyima ungeweza kuhama bado, ila chuo kipya hakikuruhusiwa kukupa ufadhili wa michezo kwa mwaka mzima. Kwa Mmarekani ambaye wazazi wake wako saa mbili kwa gari, huo ni mwaka mgumu. Kwa mwenye viza ya mwanafunzi, ile ya F-1, ambaye wakati wa masomo kazi yake kwa kawaida ni ya ndani ya chuo na haizidi saa 20 kwa wiki, huo ni mwaka usiowezekana.

Kocha wangu alikataa mara ya kwanza. Akaniambia nimalize msimu kwanza. Nikamaliza. Akanipa ruhusa ikiwa na orodha ya vyuo nisivyotakiwa kuvigusa: vyote vya ligi yetu, pamoja na kimoja cha mbali ambacho ndicho hasa nilikuwa nakitaka.

Nilikuwa na uchungu naye miaka mingi. Ila nikimsikiliza mdogo wangu, linanijia wazo nisilolipenda. Mimi nilizuiwa kwa sababu nilihitajika. Yeye hakuna anayemzuia.

Mwaka 2021 wanamichezo wa michezo yote waliruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje msimu. Mwaka 2024 hata hicho kikomo cha mara moja kikaondolewa, mradi masomo yako yawe sawa. Je, ninataka zile enzi zirudi? Hapana. Hakuna mtu mzima anayestahili kushikiliwa na sahihi ya mtu mwingine. Lakini uhuru huo kocha naye ameupata. Kwa nini amlee msichana wa mwaka wa kwanza, amsubiri azoee baridi, azoee chakula, azoee Kiingereza cha wahadhiri wake, wakati potali imejaa waliokwisha kuzoea?

Jambo hili sikuliona mpaka lilipotufikia nyumbani.

## Mifano tunayopenda kuitaja

Kwenye vikundi vyetu vya WhatsApp, ukitaja neno kuhama, utaletewa majina. Sally Kipyego alianza South Plains, chuo cha miaka miwili pale Levelland, akahamia Texas Tech jirani tu mjini Lubbock, akanyakua mataji tisa ya NCAA, akasomea uuguzi, na baadaye akachukua medali ya fedha ya mita 10,000 kwenye Olimpiki ya London 2012. Wesley Kiptoo alitoka Colby, Kansas, akaenda Iowa State akashinda mita 5,000 za ndani mwaka 2021. Paul Chelimo alihama Shorter kule Georgia akaenda UNC Greensboro, na Rio 2016 akapata medali ya fedha akiwa amevaa jezi ya Marekani.

Yote ni kweli, na Kipyego ni sehemu ya sababu ya mimi kuwa muuguzi leo.

Lakini tazameni vizuri. Kipyego na Kiptoo walitoka vyuo vya miaka miwili. Vyuo hivyo vina mwisho, na kuhama ndiyo kazi yake. Unaingia ukijua utatoka, kocha wako mwenyewe anakutafutia pa kwenda, na walimu wanakuchagulia masomo yatakayokubalika mbele. Msichana anayeambiwa katikati ya shahada ya miaka minne kwamba hayumo kwenye hesabu yuko katika hali tofauti kabisa. Wengi huingia potali na kukaa humo bila kuitwa, na hao hawatumi sauti WhatsApp.

## Simu ya mama mdogo

Nyumbani alificha. Hakusema lolote mpaka nilipomshauri amwambie mama yake kabla hajaambiwa na soko.

"Umefukuzwa?" ndilo swali la kwanza aliloulizwa.

Namwelewa mama mdogo. Kwetu mtoto akihama shule katikati ya kidato, watu wanauliza alifanya nini. Halafu kuna gharama. Ada ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, ni dola 350, ya viza dola 185, kabla hujagusa tiketi. Mtamba uliuzwa. Kanisa lilichanga. Mwalimu wake wa zamani alimsindikiza mpaka Eldoret kupanda basi la kwenda mahojiano ya viza Nairobi. Sasa umwambie mama huyo kwamba chuo hakimtaki tena binti yake na hana kosa lolote? Haliingii akilini, na kusema kweli hata mimi halijaniingia sawasawa.

Kisha mama mdogo akaniambia mimi: "Wewe unajua Kizungu. Mpigie huyo kocha, mwambie tunamshukuru, amvumilie mtoto."

Hapo nikajua zile radhi za kwenye barua zilitoka wapi.

## Adabu

Tumelelewa kwamba mkubwa hahojiwi. Mwalimu akisema, umesikia. Kocha ni mwalimu na mzazi kwa pamoja, hasa akiwa ndiye aliyekuandikia barua iliyokutoa kijijini. Ninaipenda adabu hiyo na nitawalea wanangu nayo. Lakini nimeona wasichana na wavulana wetu wakiondoka vyuoni kimya kimya, wakiamini maneno ya ofisini ni hukumu, wakati kanuni zenyewe zinawapa nafasi ya kuuliza.

Kocha kukwambia "sikuoni mwaka ujao" si sawa na kunyimwa ufadhili. Chuo cha Divisheni ya Kwanza, yaani ngazi ya juu kabisa ya NCAA, kikitaka kutoendeleza ufadhili wako wa michezo, kinatakiwa kukujulisha kwa maandishi kufikia Julai 1, na kukueleza kwamba una haki ya kusikilizwa na kamati iliyo nje ya idara ya michezo. Ila wewe mwenyewe ukiingia potali, chuo kinaweza kusitisha ufadhili muhula unapokwisha. Mnaona tofauti? Ukitumwa uondoke, una haki ya kusikilizwa. Ukiondoka mwenyewe kwa adabu, umewarahisishia.

Ndiyo maana nilimwambia angoje.

Nilimtaka kwanza aulize kwa maandishi: ufadhili wangu utaendelezwa au hautaendelezwa? Alikataa. "Dada, nitaonekana nina kiburi." Tulibishana. Alilia, nami nikakaribia kulia. Nilimuuliza kama mgonjwa wangu akiniuliza dawa ninayomchoma ni ya nini, huwa ninamwona ana kiburi. Akanyamaza. Usiku ule tukaandika pamoja sentensi mbili, bila radhi, bila shukrani za kupita kiasi, na jina lake kamili chini.

Jibu lilitoka ofisi ya ufadhili, si kwa kocha. Hautaendelezwa. Kulikuwa na aya moja kuhusu rufaa.

Hapa mimi na yeye hatukukubaliana. Mimi nilitaka akate rufaa. Angeshinda, angebaki na ufadhili wake hata kama hakimbii, amalize shahada yake. Yeye alisema hawezi kuishi bweni moja na timu ambayo haimtaki, awaone wakienda mazoezini saa kumi na moja na nusu asubuhi naye amelala. Nilimwambia utazoea. Akaniuliza, "Wewe ungezoea?" Sikuwa na jibu la haraka. Bado ninaamini rufaa ilikuwa njia nzuri. Pia ninaamini mtu aliyekimbia tangu darasa la nne ana haki ya kuamua ni mwaka gani ataacha kukimbia.

## Kwanza masomo, halafu kocha

Ugumu wa potali ni huu: kabla jina halijaingia, makocha wengine hawaruhusiwi kuzungumza nawe. Kwa hiyo unaruka bila kujua kama kuna wa kukudaka.

Lakini hakuna anayekukataza kuuliza kama mwanafunzi wa kawaida. Hilo ndilo lililobadilisha mambo kwetu. Tuliacha kutafuta kocha, tukatafuta shule za uuguzi. Vyuo vingi vina majedwali ya wazi mtandaoni yanayoonyesha somo la chuo fulani linakubalika kama somo gani kwao. Palipokuwa na shaka aliandikia ofisi ya udahili, si idara ya michezo.

Jioni moja tulikaa kwenye simu ya video, yeye na matokeo yake, mimi na daftari. Alikuwa na krediti 61, yaani vipimo vya masomo aliyokwisha kukamilisha. Shahada nyingi za hapa ni krediti 120. Kanuni ya Divisheni ya Kwanza inasema anayeingia mwaka wa tatu awe amekamilisha asilimia 40 ya shahada yake, wa nne asilimia 60, wa tano asilimia 80. Asilimia 40 ya 120 ni 48, kwa hiyo unadhani 61 zinatosha na kubaki. Tatizo ni kwamba zinahesabiwa kwa shahada ya chuo unakokwenda. Anatomia yake ilikubalika karibu kila mahali. Takwimu ikakubalika. Kemia aliyosoma bila maabara ikakataliwa na vyuo viwili. Somo la afya ya jamii, ambalo alipata A na analipenda, lilihesabiwa kama la hiari tu. Katika chuo kimoja chenye jina kubwa la riadha, kati ya zile 61 ni 43 tu zilizoingia kwenye uuguzi.

Arobaini na tatu. Angefika pale na kukaa nje, au angebadilisha kozi.

Kuna chuo cha Divisheni ya Pili ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimekisikia tu kwa jina. Wao walichukua 57.

## Makocha walipoanza kupiga

Jina liliingia Jumatano. Niliogopa ukimya kuliko kitu kingine chochote, lakini simu zilikuja. Chuo kile chenye jina kubwa kilikuwa cha kwanza. Ufadhili kamili, viatu, kambi ya milimani kila Agosti. Mdogo wangu alimuuliza kocha kuhusu zile krediti 43.

"Tutakubadilishia kozi, usijali."

Alinisimulia kwa furaha, kisha akaona uso wangu. Kozi ambayo wangemhamishia ni ya masomo ya jumla, ile ambayo wanariadha wengi huishia humo kwa sababu inapokea kila kitu. Sisemi haina thamani kwa mwingine. Ninasema yeye alikuja kuwa muuguzi, na miguu ya kukimbia ina miaka yake. Saa ya Divisheni ya Kwanza ni miaka mitano tangu siku unapojisajili kama mwanafunzi wa muda wote, na yake imekwisha kula miwili. Ikimalizika bila uuguzi, na F-1 nayo ikikaribia mwisho, huyo kocha atakuwa ameshahamia kwingine.

Nilimwambia maoni yangu mara moja. Baada ya hapo nilijizuia kumpigia, na hilo lilikuwa gumu. Jina kubwa ni jina kubwa. Ningekuwa na umri wake sijui ningefanya nini.

Chuo cha Divisheni ya Pili kilipiga mwisho. Kocha hakuahidi mengi. Alimwambia wazi kwamba siku za mafunzo ya hospitalini atakosa mazoezi ya pamoja, na kwamba amewahi kuwa na wakimbiaji wauguzi wawili kwa hiyo anajua ratiba inavyouma. Ufadhili wa michezo haukuwa kamili, ila wa masomo ungejaza sehemu, kwa sababu alama zake ni nzuri.

Amechagua hicho. Pengo lililobaki ni dola 4,200 kwa mwaka, na hapa wazazi mlioko nyumbani mnisikilize, kwa sababu watoto huwa hawawaelezi: chuo kipya hakiwezi kutoa fomu ya I-20, hati ya chuo inayohitajika kwa viza ya mwanafunzi, mpaka kione kwenye maandishi ya benki pengo hilo litazibwa na nani. Ufadhili wa asilimia 80 unasikika vizuri kwenye simu, lakini asilimia 20 iliyobaki ndiyo inayoweza kumrudisha mtoto nyumbani. Mimi na kaka yake aliyeko Minnesota tumeandika barua ya udhamini na kuambatanisha taarifa za akaunti zetu.

Tarehe ya kuhamisha rekodi yake ya SEVIS tumeomba iwe baada ya mitihani. Ikihamishwa mapema anapoteza ile kazi yake ya maktaba, maana ruhusa ya kufanya kazi hufuata chuo kilichoshika rekodi. Afisa wa wanafunzi wa kigeni alitaka kuiweka wiki mbili kabla. Mdogo wangu alirudi ofisini peke yake, akaeleza kwa nini haifai, na ikabadilishwa palepale.

Mama mdogo bado anaita chuo kipya "ile shule ndogo". Anataka kujua kama wakati wa mafunzo hospitalini watamlipa. Nimemwambia hapana, na kwamba hata mimi sikulipwa.